Bwana Mkubwa Aingiapo Darasani

Semina za kazini zimekuwa nyingi siku hizi. Leo ni huduma kwa wateja, kesho ni uongozi bora, keshokutwa ni kujitambua. Ukumbi hukodishwa, mkufunzi hualikwa, chai hunywewa, picha ya pamoja hupigwa na vyeti hugawiwa. Jumatatu inayofuata mteja hufika dirishani na kukuta uso uleule uliokunjamana. Mafunzo yale yalikwenda wapi?

Jibu mojawapo limo mahali ambapo wengi wetu tusingelitafuta, yaani katika kichekesho cha televisheni ya Uingereza. The Office, kilichotungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant, kilianza kurushwa na BBC mwaka 2001. Niseme mapema kwamba hiki si kipindi cha kutazamwa pamoja na watoto, kwa kuwa yamo ndani yake maneno yasiyo na staha. Hata hivyo, sehemu yake ya nne, inayosimulia siku ya mafunzo ofisini, inamfaa kila mtu mwenye watu chini yake.

Ofisi yenyewe ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi, katika mji wa Slough, magharibi ya London. Meneja wake ni David Brent, ambaye Gervais mwenyewe ndiye anayemwigiza. Brent anajiona kuwa kiongozi mcheshi, mwenye hekima, anayependwa na wote. Wakati huo wafanyakazi wake wanaishi kwa hofu, maana makao makuu yamekwisha kutangaza kwamba huenda kazi zikapunguzwa.

Siku ya mafunzo anafika mkufunzi kutoka nje, jina lake Rowan, mtu mpole aliyejiandaa vizuri. Brent hampi nafasi. Akionyesha filamu, Brent anaizungumzia juu kwa juu. Akiuliza swali, Brent anajibu kwa niaba ya wote. Linapokuja igizo la mgeni wa hoteli mwenye malalamiko, Brent hatafuti kujua namna ya kumsikiliza mlalamikaji. Anatafuta namna ya kumshinda mkufunzi. Mwisho anasimulia habari za ujana wake katika bendi ya muziki, kisha anakwenda hadi nyumbani kuchukua gitaa, anarudi nalo na kuimba. Semina inageuka kuwa tamasha la mtu mmoja.

Mtazamaji hucheka, naye ana haki ya kucheka. Lakini nyuso za waliokaa katika viti vile hazina kicheko. Hao ni watu wasiojua kama mwezi ujao watakuwa na mshahara, na mtu aliyepewa dhamana yao anawapigia gitaa. Wala Brent si mtu katili. Maradhi yake ni kuamini kwamba mafunzo yameletwa kwa ajili ya wengine.

Katika chumba hichohicho yumo Tim, mfanyakazi wa mauzo aliyetimiza miaka 30 hivi karibuni na ambaye bado anaishi kwa wazazi wake. Siku ile uvumilivu unamwishia. Anatangaza kwamba anaacha kazi ili arudi chuo kikuu kusoma saikolojia. Pia anamweleza Dawn, mhudumu wa mapokezi, yaliyo moyoni mwake, akidhani uchumba wa binti huyo umevunjika, kumbe haujavunjika. Ni fedheha kubwa, lakini angalau mtu mmoja ametazama maisha yake kwa ukweli. Kwa masikitiko, hata uamuzi huo haudumu. Kabla ya msimu wa kwanza kumalizika, Tim anapandishwa cheo na kubaki palepale.

Na Brent je? Katika msimu wa pili, uliorushwa mwaka 2002, mtu huyu asiyeweza kumsikiliza mkufunzi kwa saa moja anapewa ujira ili awahamasishe wengine jukwaani. Haupiti muda mrefu, naye anaondolewa kazini. Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

Msomaji mpendwa, akina Brent si wa Slough peke yake. Tunao wakuu wanaofungua semina kwa hotuba ndefu kisha wakaondoka kabla ya mada ya kwanza, kana kwamba cheo ni kinga dhidi ya elimu. Tunao wazee wa nyumba wanaopenda kuwakalisha watoto na kuwaonya kuhusu adabu ya kusikiliza, lakini mtoto akifungua kinywa hukatizwa kabla hajafika nusu ya maneno yake. Mke akieleza jambo linalomsumbua, mume tayari ana jibu. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa tulivu kwa nje, ila utulivu wake ni wa watu waliokwisha kukata tamaa ya kusikilizwa. Siku mmoja wao atakaposema, huenda atasema kwa kupasuka, kama Tim alivyofanya.

Kwa hiyo anayerudi kutoka katika semina asikimbilie kutundika cheti ukutani. Amwendee aliye chini yake kabisa, awe mfagizi wa ofisi au mwanawe wa mwisho, amwulize: ni jambo gani ninalolifanya linalokuumiza? Kisha anyamaze. Asijitetee, asicheke, asigeuze mazungumzo yakawa hadithi ya ujana wake. Jibu likiwa chungu, alale nalo usiku mmoja kabla ya kulijibu. Zoezi hilo halihitaji ukumbi wala mkufunzi wa kulipwa, na ndilo hasa ambalo Brent hakulijaribu hata mara moja katika siku ile nzima ya mafunzo.