Umeniita mwizi. Sasa niambie nimeiba nini

Wasee, leo hakuna klipu. Leo nimekasirika, na cha ajabu ni kwamba nimekasirika baada ya kushinda.

Akaunti yangu imerudi. Nyinyi mliokuwa mkiniuliza kila siku, asanteni sana. Ilirudi Jumanne saa nne usiku, baada ya siku 41. Ujumbe wao ulikuwa mistari miwili: tumeangalia upya, tumekufungulia, samahani kwa usumbufu. Usumbufu! Kama vile ni matatu ilichelewa.

Lakini kuna swali niliwauliza siku ya kwanza na mpaka leo hawajalijibu. Niliiba nini?

Kwa wageni, hadithi ni hii. Nacheza gemu ya risasi ya kwa simu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu sitaki mseme ni shida ya kampuni moja tu. Miaka minne, akaunti moja. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ikiwa imenishinda, na hiyo akaunti ndiyo ilianza kunilipia keja. Klipu, laivu, mashindano madogo ya hapa mtaani. Mathe alichukua mwaka mzima kukubali kwamba hii ni kazi. Siku nilimtumia elfu tano ya kwanza alinyamaza kwa simu, kisha akasema, "Basi ifanye vizuri."

Usiku mmoja nafungua gemu niko laivu tayari, skrini inaniambia nimefungiwa miaka kumi. Sababu: kutumia programu zisizoruhusiwa. Basi, imeisha. Hakuna tarehe, hakuna mechi, hakuna programu gani. Watu kama 300 walikuwa wanasoma hiyo skrini pamoja na mimi. Wa kwanza aliandika, "Kumbe!" Wa pili akaandika, "Nilijua tu, huyu hawezi kupiga hivyo bila msaada."

Mtaani tunajua hiki kitu vizuri. Mtu akipigiwa kelele ya "mwizi!" pale steji, hakuna anayeuliza ameiba nini, ameibia nani, nani alimwona. Mawe kwanza, maswali kesho. Sote tunajua hiyo ni makosa. Sasa kampuni yenye mawakili na ofisi za vioo imechukua tabia ile ile ya steji, ikaivalisha tai, ikaiita "usalama wa wachezaji".

Na kabla hujaniambia "Bro, ni gemu tu, fungua akaunti ingine," nimeshaambiwa hivyo mara mia. Nilitoa taarifa yangu ya M-Pesa nikajumlisha: shilingi 38,600 nimewalipa hao watu kwa miaka minne, hamsini hamsini, mia mia. Wakati wanazipokea hakuna siku waliniambia ni pesa za mchezo. Mbona malalamiko yangu ndiyo yawe ya mchezo? Mama mboga akikuuzia nyanya zimeoza, unarudi, mnabishana, lakini anakusikiliza uso kwa uso. Yeye hana hata ofisi, ana meza tu na mwavuli.

Rufaa yangu ya kwanza niliituma saa nane na dakika kumi na moja usiku. Jibu likaingia saa nane na dakika kumi na nne. "Mpendwa mchezaji, baada ya uchunguzi wa kina..." Uchunguzi wa kina wa dakika tatu, usiku wa manane! Wazee walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Hapa hata huyo ngedere hayuko. Nyani amekamata, nyani amehukumu, na rufaa inasikizwa na nyani yule yule.

Wacha niwe mkweli pia. Mimi si wakili wa wezi. Wale wenye programu za kulenga zenyewe na za kuona watu nyuma ya ukuta wameniharibia usiku mwingi kuliko stima kupotea. Wafungiwe. Na ninajua wengi wanaolia "nimeonewa" ni waongo. Kuna mmoja alinitumia video yake nimtetee, na kwenye hiyo hiyo video anamfuata mtu kwa bunduki kupitia ukuta. Nilicheka nikafunga simu.

Kampuni zinasema hivi: tukionyesha ushahidi, wezi watajifunza kukwepa. Sawa, hiyo hoja naielewa. Lakini mimi sikuwaomba wanifundishe mtambo wao unafanya kazi vipi. Niliomba vitu vitatu tu. Siku gani? Mechi gani? Kosa la aina gani? Polisi hawalazimiki kukutajia kila mtu aliyewapa habari, lakini ukifika mbele ya hakimu shtaka linasomwa. Huwezi kujitetea dhidi ya neno "programu". Nitaleta shahidi gani? Aseme nini?

Na usiniambie mashine haikosei. Mwaka 2010, Valve, wenye Steam, walifungia kimakosa akaunti karibu 12,000 za wachezaji wa Modern Warfare 2. Bosi wao Gabe Newell akaomba msamaha, akaunti zikafunguliwa, na walioumia wakapewa gemu ya Left 4 Dead 2 bure. Oktoba 2023, AMD walitoa programu mpya ya kadi zao za picha ikiwa na kitu kinaitwa Anti-Lag+. Kuna wachezaji wa Counter-Strike 2 walikiwasha wakafungiwa kama wezi, na kosa lao lilikuwa kubonyeza kitufe walichopewa na aliyetengeneza kadi yao. AMD wakaiondoa hiyo programu, Valve wakaanza kuwafungulia. Oktoba 2024, Activision wakakubali kwamba udhaifu kwenye mtambo wao wa kukamata wezi wa Call of Duty ulikuwa umetumiwa hadi wachezaji wasio na hatia wakafungiwa. Wao walisema ni akaunti chache. Aliyeutumia udhaifu huo akajigamba kwamba ni maelfu.

Hao ni wakubwa wa hii biashara, na walikosea. Lakini angalia kosa lilirekebishwa vipi. Walioumia walikuwa wengi, kwa wakati mmoja, na walipiga kelele pamoja. Sasa wewe uko peke yako Zimmerman na simu imepasuka kioo. Nani atakuona?

Tena maisha yetu huku yanaweza kuichanganya mashine yoyote. Kwa data ya simu, watu wengi sana hutoka nje kwa anwani moja ya IP, kwa sababu anwani hazitoshi na kampuni za simu zinazigawa. Ploti nzima iko kwa Wi-Fi moja, mnachanga kila mwezi. Simu ni ex-UK, hujui ilikuwa ya nani na alikuwa anaifanyia nini. Binamu akija likizo mnacheza kwa simu moja kwa zamu. Mtambo ukiamini kwamba mtu mmoja ana simu moja, nyumba moja na laini moja, sisi ndio tutaumia wa kwanza.

Na hapo ndipo nafika kwa kitu kinachoniuma zaidi.

Kuna dogo kwa ploti yetu, miaka 14. Chumba chao na changu vinatumia Wi-Fi moja. Alifungiwa usiku ule ule niliofungiwa mimi, ujumbe ule ule, miaka kumi ile ile. Alinigongea asubuhi kabla ya shule, sare imevaliwa nusu, akaniuliza kama ni mimi nilimfanyia hivyo. Fikiria hiyo. Aliyekuwa akinionyesha kila ushindi wake, sasa ananiangalia kama mimi ndiye mwizi niliyemponza.

Tulikaa tukaandika rufaa zetu pamoja. Maelezo yale yale, Wi-Fi ile ile, maswali yale matatu yale yale. Zote zikarudi na jibu la "uchunguzi wa kina". Tukatuma tena. Likarudi lile lile, hata koma haikuhama.

Siku ya 38 nikatengeneza video. Mliitazama mara 212,000. Mkawataja kila mahali, mkawajazia kurasa zao. Siku tatu baadaye nimefunguliwa. Ushahidi wangu haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kelele.

Dogo bado amefungiwa. Hana chaneli. Hana wafuasi. Ana mimi tu.

Kwa hivyo msiniambie rufaa ilifanya kazi. Haikufanya kazi. Nilichopata si haki, ni huduma kwa wateja maarufu. Kama mlango unafunguka tu ukigongwa na watu laki mbili, huo si mlango, ni ukuta wenye picha ya mlango.

Sasa sikizeni, kwa sababu kukasirika peke yake hakumrudishii mtu akaunti. Ukifungiwa na unajua mkono wako ni safi, fanya hivi.

Usitukane. Najua inauma, lakini tusi ndilo wanalolingoja ili wakuweke kwa kapu la wale wengine. Piga skrinishoti ya ujumbe wa kufungiwa na tarehe yake. Toa risiti zako za malipo. Andika simu unayotumia, uliinunua lini, na nani wengine wako kwa Wi-Fi yako. Sema ukweli wote. Kama kaka yako mdogo alicheza kwa akaunti yako, sema. Kisha uliza yale maswali matatu na uombe binadamu aangalie. Usifungue akaunti mpya wakati rufaa inaendelea, watasema unakwepa adhabu. Na usimtumie pesa mtu yeyote anayejiita fundi wa kufungua akaunti. Elfu tatu zako zitaenda na hatashika tena simu.

Wakikujibu na roboti, hapo taja sheria. Mimi si wakili, chuo chenyewe niliacha, lakini kusoma najua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inahusu maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake. Wanapaswa kukujulisha kwa maandishi kwamba ni mashine iliyoamua, na wewe unaweza kuwataka waufikirie upya uamuzi huo au wafanye mwingine usioachiwa mashine peke yake. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuona data yako waliyo nayo. Kifungu cha 4 kinasema sheria hiyo inamgusa hata asiye na ofisi hapa, mradi anashughulikia data za watu walio Kenya. Ukipuuzwa, unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, na kifungu cha 56 kinatoa siku 90 yachunguzwe na kumalizwa.

Watakwambia ulibonyeza "Nakubali". Ni kweli, sheria yenyewe inawaachia nafasi kwa mambo ya mkataba na ridhaa, na hapo ndipo wataegemea. Waache waegemee. Lakini waseme hivyo kwa maandishi, kwa jina la mtu, mbele ya ofisi ya serikali, si kwa roboti inayoniita "mpendwa" saa nane usiku.

Na kwa nyinyi mlioandika "Kumbe!" ile usiku: siwachukii. Mimi pia nimewahi kuandika hivyo kuhusu mtu. Aliwekwa orodha ya waliofungiwa, nikacheka, nikasambaza. Sikumuuliza aliiba nini. Sikujua kwamba hata yeye hajaambiwa.

Jana jioni mamake dogo alirudi kutoka kazini, akasoma ile barua yetu ya kurasa mbili polepole, kidole kikifuata mistari. Kwa sababu kijana ni mtoto, mzazi ndiye anamsimamia. Akaniuliza, "Na wewe yako si ilirudi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia kidogo, akachukua kalamu, akaweka sahihi.

Jumatatu tunaipeleka. Nitawaambia watakachosema.