Maji ya Uluguru Yana Wenyewe

Jumamosi moja ya likizo tulipanda kutoka Morogoro mjini kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Tulipumzika Morning Side, penye jengo la enzi za Wajerumani, tukapiga picha nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha tukaingia msituni. Huko ni baridi na ukungu, na ukinyamaza unasikia maji kila upande. Yupo hata ndege mmoja, mwenye kichwa cheusi na kifua cha njano, ambaye duniani kote anaishi kwenye milima hii tu.

Lakini lililotukaa moyoni si ndege. Njiani tulipishana na akina mama wakishuka sokoni na mizigo ya kabichi na ndizi vichwani, kwenye njia ambayo sisi tulihema tukiwa mikono mitupu. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia shamba lake tukamwamkia. “Marahaba, wajukuu zangu. Mnakwenda kuangalia nini?” Tukajibu, msitu. Akacheka. “Huko mjini maji yakikauka mnasema ni sisi tumekata miti. Yakitoka, hamsemi ni nani kaitunza.”

Hatukuwa na jibu. Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam chanzo chake ni milima hii, na hata maji ya Bwawa la Mindu, yanayotumika Morogoro mjini, yanategemea vijito vyake. Tunaokunywa ni wengi. Wanaoambiwa wasilime hapa, wasikate pale, ni wachache, na mashamba yao ni ya mteremko mkali.

Si mara ya kwanza kwao kuamriwa kutoka chini. Mwaka 1955 Waluguru walikataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, na vurugu zikafika hadi Matombo, penye misioni yetu ya siku nyingi. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo jema. Waliokuja nalo ndio hawakutaka kumsikiliza mkulima.

Nasi tunaogopa kurudia kosa hilo kwa mahubiri. Tangu Baba Mtakatifu Fransisko atoe Laudato Si’ mwaka 2015 tumepanda miti kwa shangwe, kwaya ikiimba, halafu nani aliirudia kuimwagilia? Jikoni kwetu magunia ya mkaa yanaingia kila wiki na hakuna anayeuliza yalikotoka. (Maharage ya shule hayaivi kwa nia njema, tunajua.) Lakini kabla ya kumnyooshea kidole mkulima wa mlimani, tuanze na jiko hilo: majiko banifu kwanza, na gesi pale tutakapoimudu.

Kwa parokia zinazopanga ziara huko, tunawasihi: lipeni kiingilio cha hifadhi, chukueni mwongoza wageni wa kijijini, nunueni ndizi kwa yule mama bila kumkaba bei. Na tengeni saa moja ya kukaa na wenyeji kabla ya kukimbilia maporomoko.

Sisi tumemwomba yule mzee turudi mvua za masika zikianza. Amekubali, kwa sharti kwamba tuje na majembe yetu, na miche atachagua yeye. Anataka ya matunda, ishike udongo na watoto wale.