Kabla ya kudai uwanja mpya, tuangalie wa zamani

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na kila mkoa unataka uwanja mpya. Mdau wa soka wa Migato, kule Simiyu, naye anauliza: na sisi lini?

Turudi CHAN ya Agosti 2025. Mkapa, Amaan, Kasarani na Namboole, vyote vilikuwa viwanja vya zamani vilivyokarabatiwa. Amaan ni wa 1970, lakini baada ya ukarabati wa 2023 ukiuona utadhani umejengwa jana. Ni kama bunduki ya kiwandani: mtutu ukiwa mzima, unabadili kitako, unafunga darubini, kazi inaendelea. Mtutu ukiwa mbovu, unachoma hela tu.

Arusha ilikuwa kesi nyingine. Sheikh Amri Abeid ni mdogo mno kwa AFCON, ndiyo maana ukaanza kujengwa mpya wa watu 30,000. Hapo sina ubishi.

Sasa Simiyu. Mtutu wa uwanja ni ardhi yake. Udongo mweusi wa mbuga kiangazi unapasuka, mvua ikinyesha unanasa viatu. Ukiweka jukwaa la mamilioni juu yake bila mitaro na nyasi nzuri, kijana bado atavunjika goti.

Tuanze na sehemu ya kuchezea, vyumba vya kubadilishia nguo na uzio. Jukwaa lije timu ikipanda. Uwanja mkubwa usio na timu utabaki malisho ya ng'ombe.