Mja Mzito na Mzigo wa Moyo

Kiswahili humwita mwanamke mwenye himila mja mzito, na akizaa husemwa amejifungua. Lugha yenyewe inakiri kwamba amebeba mzigo na kufungwa nao. Ajabu ni kuwa mzigo tunaoupima ni wa kilo tu.

Nilipohimili mimba ya kwanza huku nikiandika tasnifu ya uzamili, kila nilipokwenda kliniki nilipimwa uzito, shinikizo la damu, mkojo na kimo cha tumbo. Hakuna aliyeuliza iwapo nilipata usingizi. Sikuupata. Nilihofia uzazi, karo na maneno ya watu. Nyumbani niliambiwa kwamba wanawake wote huzaa. Jibu ambalo, kwa maoni yangu, ni njia ya adabu ya kumnyamazisha mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 16 kati ya kila 100 hupatwa na matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Hao si wadekaji.

Waswahili wa pwani walikuwa na somo, mwanamke wa makamo aliyemfunda mwali na kubaki msiri wake hata baada ya ndoa. Sisemi turejeshe kila funzo. Mengine yalimtaka mwanamke avumilie yasiyovumilika. Ninachokitaka ni kile kiti cha msiri. Muuguzi aulize habari za moyo kabla ya mizani, na mume afike kliniki angaa mara moja. Mimi niliauniwa na jirani wa bwenini, ambaye hata hakuwa amezaa: kila jioni alinitembeza hadi lango kuu, akinisikiliza bila kunikata kauli.