Usiku Baada ya Sindano



Siku ya kliniki huisha mapema, lakini usiku wake huwa mrefu. Mtoto amepimwa uzito, amechomwa, amelia, amenyonya, amenyamaza. Mchana analala fofofo, na mama anashukuru. Halafu ifikapo saa nne usiku mambo yanageuka. Mtoto ana joto, anashtukashtuka, anataka ziwa kisha analikataa. Akilazwa analia, akibebwa ananyamaza, na hivyo hivyo mpaka jogoo awike. Wengi wenu mmetuuliza habari hii, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada, nasi tumeona mwezi huu tuizungumze.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Hapa Tanzania mtoto huletwa kwa sindano akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ile inayosumbua usiku mara nyingi ni chanjo ya magonjwa matano, ambayo sisi wauguzi huiita penta. Iliingia katika ratiba yetu mwaka 2009, na humkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kiitwacho Hib ambacho huleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Sehemu ya kifaduro katika chanjo hii hutengenezwa kwa vijidudu vizima vilivyouawa, na hiyo ndiyo hasa iletayo joto na maumivu. Nchi kadhaa tajiri hutumia chanjo ya aina nyingine, yenye vipande tu vya kijidudu. Homa yake ni ndogo zaidi, lakini bei yake ni kubwa, na kinga yake haidumu sana kama ile ya vijidudu vizima. Basi mama asione kwamba amepewa kitu hafifu.

Mwili wa mtoto ukikutana na vijidudu hivyo haujui kwamba vimekufa. Unajiandaa kupigana: joto linapanda, paja linavimba kidogo na kuwa jekundu au gumu, mtoto anakuwa na hasira. Kati ya watoto wanaochomwa, hata nusu yao huweza kupata homa ndogo au maumivu ya paja. Hali hiyo huanza saa chache baada ya sindano na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Ni usiku mmoja basi, pengine miwili.

Na ule usingizi mwingi wa mchana? Akina mama wengine huogopa usingizi huo kuliko kilio. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha California kilichopo San Francisco, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto 70 wa umri wa miezi miwili hivi. Waliona kwamba watoto walilala zaidi katika saa 24 baada ya chanjo kuliko siku iliyotangulia, na waliochomwa baada ya saa saba na nusu mchana walilala zaidi kuliko waliochomwa asubuhi. Kwa hiyo mtoto kulala sana siku hiyo si ajabu, mradi anaamka akiamshwa na ananyonya vizuri. Zikipita saa tatu mchana hajanyonya, mwamshe umpe ziwa. Asiponyonya kutwa nzima, usiku atadai deni lake lote.

Hapa tuseme pia kwamba chanjo husingiziwa mambo mengi. Mtoto wa wiki 6, achomwe asichomwe, yumo katika wakati wa kulia kuliko wakati wowote wa maisha yake, hasa jioni. Kilio hicho huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu mpaka miezi mitatu au minne. Na mtoto wa wiki 14 anakaribia umri ambao usingizi wake hubadilika, akawa anaamka mara nyingi ingawa zamani alilala vizuri. Mama anahesabu: “Tangu sindano ile, mwanangu halali.” Ni kweli halali, lakini kama zimepita siku nne, tano, na mtoto hana homa, ananyonya na anacheka, basi chanjo si ya kulaumiwa tena. Ni kukua.

Sasa, tufanyeje usiku wenyewe? Maandalizi huanzia kliniki. Mwombe muuguzi umnyonyeshe mtoto wakati anachomwa, au mara tu baada ya hapo. Ziwa hupunguza maumivu, na si sisi tu tunaosema. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri huo mwaka 2015. Kama muuguzi ana haraka na foleni ni ndefu, mwombe hata hivyo. Tena, kabla hujaondoka, uliza maswali mawili: Mtoto wangu ana kilo ngapi leo? Akipata joto nimpe nini, na kiasi gani? Andika majibu nyuma ya kadi.

Nyumbani, mnyonyeshe kila anapotaka, hata kama ni kidogo kidogo. Mvalishe nguo moja nyepesi. Tunaona akina mama wakimfunga mtoto mwenye homa kwa shuka mbili, sweta na kofia ya sufi, eti asipigwe na baridi. Joto likikosa pa kutokea, linazidi. Usimwogeshe maji ya baridi pia, maana atatetemeka. Mahali pa sindano waweza kuweka kitambaa safi kilicholowekwa maji yasiyo ya moto, dakika chache, kisha uondoe. Usikande kwa maji ya moto, usisugue, usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala majani. Na jambo hili dogo tumeliona likisaidia: usiku huo usimbebe mgongoni. Kanga hubana mapaja yale yale yanayouma. Mbebe begani au kifuani, miguu ikiwa huru. Akisinzia mlaze chali ndani ya chandarua, siyo kifudifudi, hata kama bibi anasema tumbo litatulia.

Kuhusu parasetamoli. Wako wanaompa mtoto kabla ya kwenda kliniki ili homa isije. Tunawaomba mwache. Mwaka 2009 jarida la madaktari la The Lancet lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 459 katika Jamhuri ya Czech: waliopewa parasetamoli mapema, kabla ya homa kuonekana, walipata homa kidogo zaidi, lakini na kinga waliyojenga ilikuwa ndogo zaidi kwa baadhi ya chanjo. Mpe tu homa ikija na mtoto anahangaika. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 5 basi hupata miligramu 50 hadi 75, yaani kama mililita 2 na nusu za ile dawa ya maji iliyoandikwa 120 mg kwa 5 ml. Usirudie kabla ya saa nne hadi sita kupita, wala usizidishe mara nne kwa siku. Soma chupa! Kuna na chupa ndogo za matone ambazo dawa yake ni kali mara nyingi zaidi, na mama akipima kwa kijiko kile kile anamzidishia mtoto. Kwa mtoto wa wiki 6, usimpe chochote mpaka muuguzi au daktari akuelekeze. Asprini asipewe kabisa.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike ukurasa huu. Saa nane za usiku, mtoto analia, mume kesho ana kazi, nyumba ni ya vyumba viwili, na jirani anagonga ukuta. Ndipo anapotokea mtu mwenye huruma na chupa. Mama mkwe anasema, “Mwanangu, huyu ana mchango, mpe maji ya dawa.” Wifi anasema asali kidogo kwenye ulimi. Jirani analeta Piriton: “Mimi wangu wote niliwapa, wanalala mpaka asubuhi.”

Wanalala, ndiyo. Hilo ndilo la kuogopesha. Piriton na dawa za jamii hiyo hazikutengenezwa kumlaza mtoto mchanga. Zinalegeza ubongo wake, na ubongo ndio unaoendesha pumzi. Dawa nyingine ya jamii hiyo, promethazini, iliwekewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004 kwamba asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu wako waliopoteza pumzi na kufa. Tuliwahi kumpokea alfajiri mtoto wa miezi miwili na nusu aliyepewa vijiko viwili vya dawa ya namna hiyo usiku wa chanjo. Alikuwa amelegea kama kitambaa, midomo ya bluu, hajanyonya tangu jioni. Mama yake, binti mdogo wa uzazi wa kwanza, alirudia maneno yale yale: “Nilitaka tu alale.” Mtoto aliwekewa oksijeni, akapona. Yule jirani aliyetoa dawa alikuja naye hospitali, amevaa kanga tu, akilia kuliko mama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya usiku ule.

Asali nayo isipewe kwa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, maana huweza kubeba vijidudu vyenye sumu inayolegeza mwili wa mtoto. Na maji ya mchango, ya kitunguu au ya majani yoyote hayana kazi katika tumbo la mtoto anayepaswa kunyonya maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Tunajua kumwambia mama mkwe “hapana” saa nane za usiku si rahisi. Sema hivi: “Mama, asante, lakini kliniki wamekataza, na kesho wataniuliza.” Tupeni sisi lawama. Tumeshazoea.

Badala ya chupa, mwombe msaada wa mikono. Bibi anayetaka kusaidia ambebe mtoto saa moja, ukilala. Baba naye ana kifua. Mtoto hutulia akisikia moyo wa baba yake. Gawaneni usiku kabla haujafika, siyo mkiwa mmeshachoka na kukasirika. Na ikifika mahali mama unahisi kumtikisa mtoto kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi dakika chache, kisha rudi. Mtoto akilia dakika tano peke yake hataumia. Akitikiswa anaweza kuumia ubongo.

Kuna usiku usio wa kuvumilia. Mlete mtoto mara moja akilia mfululizo zaidi ya saa tatu bila kubembelezeka, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akikataa ziwa kabisa, akipumua kwa shida, au homa ikifika 39. Kwa aliye chini ya miezi miwili, usingoje 39. Mlete ikifika 38, au kama huna kipimajoto, mwili ukiwa wa moto kifuani na tumboni, kwa kuwa katika umri huo ugonjwa mzito huanza hivyo hivyo. Na homa yoyote inayopita siku mbili usiite tena homa ya chanjo. Katika nchi yetu inaweza kuwa malaria, na apimwe damu.

Baada ya usiku mbaya, wako akina mama wanaoficha kadi. Wiki ya 10 inafika, wanasema mtoto ana mafua, wanasema tutakwenda mwezi ujao. Tunawaelewa, lakini dozi moja ya kifaduro haitoshi. Kinga hujengwa kwa zote tatu, na kifaduro humpata vibaya zaidi mtoto aliye chini ya miezi sita. Aliyewahi kuona mtoto akikohoa mpaka anageuka bluu na kusahau kuvuta pumzi, wiki nenda wiki rudi, hausahau usiku ule. Kama umechelewa, njoo hivyo hivyo. Hatuanzi upya, tunaendelea pale ulipoachia. Na mwambie muuguzi yaliyotokea mara ya kwanza, kwa maana mtoto aliyepata degedege au kulegea anahitaji kuonwa na daktari kabla ya dozi nyingine.

Neno moja kwa wenye watoto wakubwa kidogo. Sindano ya surua na rubela, inayotolewa kwa miezi 9 na tena kwa miezi 18, ina tabia yake. Usiku wa siku ile mtoto hulala vizuri. Homa yake, na pengine vipele vichache, huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mama ameshasahau kama kuna chanjo. Andika tarehe ya sindano ukutani. Homa ikija siku hizo, pima malaria, na mkumbushe daktari kuhusu chanjo.

Mwezi ujao tutaongea juu ya uji wa kwanza wa mtoto: lini, mzito kiasi gani, na nini cha kuongeza ndani yake.