Matete ya Kizuka: Tuyafyeke au Tuyalinde?

Ndugu msomaji, familia ya askari ni familia ya safari. Leo iko mlimani, kesho imehamishiwa ziwani, na kila ifikapo kituo kipya kazi ya kwanza huwa ni ile ile: kufagia, kufyeka na kuchoma. Majani marefu karibu na nyumba ni maficho ya nyoka, nasi tumefunzwa tangu utotoni kwamba uwanja safi ni dalili ya watu wastaarabu. Desturi hiyo ni njema. Walakini ipo sehemu moja ambapo panga la mwenye nyumba hapana budi lisite kwanza, nayo ni ukingo wa maji. Juma hili basi twende pamoja mpaka Kizuka, katika tarafa ya Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, tulitazame swali linalomkabili kila akaaye kando ya ziwa: matete haya tuyafyeke au tuyalinde?

Mwenye kusafiri kwa barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac huona mambo mawili kwa wakati mmoja. Mkono wake wa kushoto ni milima mikali iliyolimwa mihogo na migomba. Mkono wa kulia ni ziwa. Kati ya milima na ziwa upo ukanda mwembamba wa tambarare, na ndimo walimojazana watu, michikichi, masoko na nyumba. Mito ishukayo kwa kasi kutoka milimani, kama vile Dama na Murembwe, haina nafasi kubwa ya kupumzika kabla ya kuingia ziwani. Mahali pake pa kupumzikia ni pale mlangoni, penye matete, mafunjo na kinamasi.

Ndugu zetu wa pwani ya bahari wanaijua hali hii. Katika milango ya mto Rufiji kule Tanzania, mikoko husimama ndani ya tope, ikapokea maji ya mto kabla hayajafika baharini. Sisi wa ziwani hatuna mikoko, wala maji yetu hayana chumvi. Lakini kazi ifanywayo na mikoko kule, huku hufanywa na matete.

KAZI YA KWANZA: KUCHUJA

Mama anayechuja mawese anafahamu vema faida ya chujio. Maji ya mto wa masika huja na udongo mwekundu wa mashamba ya mlimani. Yakikutana na maelfu ya mashina ya matete hupunguza mwendo. Na maji yapunguzapo mwendo huutua mzigo wake. Udongo hubaki kinamasini, na ziwa hupokea maji yaliyo safi zaidi.

Chujio likiondolewa, udongo huo huenda moja kwa moja ziwani, ukatua juu ya mawe ya ufukoni. Mawe hayo si mawe matupu. Ziwa Tanganyika lina jamii za samaki wapatao mia mbili na zaidi wasiopatikana penginepo duniani, na wengi wao huishi kwa kutafuna ukoga wa mawe na kuficha mayai na watoto wao katika nyufa. Udongo ukifunika mawe, chakula hufunikwa na nyumba huzibwa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao katika ziwa hili, nao walionyesha kwamba penye udongo mwingi utokao katika milima iliyokatwa miti, aina za viumbe hupungua.

Tena tukumbuke kwamba ziwa hili, ingawa kina chake hufika mita 1,470, halina uhai wa samaki mpaka chini. Hewa ya kuvutia pumzi imo katika tabaka la juu tu. Huko chini ni giza na maji yasiyofaa kwa samaki. Kwa hiyo ukingo tunaoudharau ni sehemu ya ukumbi wenyewe wa maisha.

KAZI YA PILI: KULEA

Nani asiyemjua sangala? Samaki huyo mkubwa, apikwapo kwa mawese na kuliwa kwa ugali wa muhogo, humfanya mgeni asahau safari yake. Akiwa mkubwa huishi mbali katika maji mengi. Bali akiwa mchanga hukaa karibu na ufuko, ndani ya majani ya majini, ambako wakubwa wenye njaa hawamwoni kwa urahisi. Ndagala nao, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa, huanza maisha yao karibu na nchi kavu kabla ya kutoka kwenda kilindini, ambako mukeke huwafuata na kuwala.

Hivyo basi yule afyekaye majani ya ufukoni, na yule akokotaye kokoro au chandarua cha mbu katika maji hayo ya kina kifupi, hawatofautiani na mtu aingiaye katika chumba cha wazazi hospitalini akazima taa na kufunga milango. Samaki wa mwakani amekwisha kuuawa kabla hajajulikana kuwa ni samaki. Nchi nne zenye ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulitunza kwa pamoja mwaka 2003. Na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lakini kufunga uvuvi kwa miezi mitatu kutafaa nini iwapo malezi yenyewe yamefyekwa?

HOJA ZA MWENYE PANGA

Haki yataka tuwasikilize na wenye kufyeka, kwani hawasemi upuuzi. Wanasema kwamba matete ni nyumba ya mbu, ya konokono wa kichocho, ya mamba na ya kiboko. Mama aliyempeleka mtoto wake kuteka maji hawezi kuambiwa habari za sangala kabla hajajibiwa habari za mamba.

Tuanze na mbu. Mbu wa malaria hupenda sana vidimbwi vya wazi vipigwavyo na jua. Kinamasi kikifyekwa na kuchimbwa matuta na mitaro, vidimbwi vya namna hiyo huongezeka badala ya kupungua. Katika mabonde ya Kabale, kusini magharibi ya Uganda, watafiti waliotoa taarifa yao mwaka 2000 walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Walikuta joto ni kubwa zaidi pale mafunjo yalipoondolewa, na dalili za malaria nazo zilielekea kuwa nyingi zaidi huko. Kwa hiyo panga si dawa ya malaria. Dawa ni chandarua juu ya kitanda, wala si ndani ya ziwa.

Kichocho nacho ni kweli kipo katika tambarare ya Rumonge. Konokono hupenda majani na maji yaliyotulia. Lakini konokono hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwetu sisi, pale mtu ajisaidiapo majini au kando yake. Choo kizuri kilicho mbali na maji huikata safari ya ugonjwa huo. Aidha, maji ya kuogea yakitekwa na kuwekwa siku nzima katika chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho vilivyomo hufa. Maji ya kunywa ni shauri jingine: hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mwambao huu.

Ama mamba na kiboko, hapa mwenye panga ana haki yake. Pahala pa kutekea maji na pa kutia mitumbwi pawe wazi, paonekane kote, na watoto wasiende peke yao wala jioni. Lakini kufungua mlango si kubomoa ukuta mzima.

ZIWA HUDAI CHAKE

Ipo hoja moja iliyo nzito kuliko zote, nayo yahusu paa lililo juu ya vichwa vyetu. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, yaani Lukuga, upande wa Kongo. Stanley alipofika huko mwaka 1876 aliukuta mlango wake umezibwa na tope na mafunjo, na ziwa likipanda. Miaka michache baadaye maji yalipasua kizuizi hicho, na mwaka 1880 Joseph Thomson aliukuta Lukuga ukienda kwa nguvu. Ziwa likashuka. Mwaka 1964 likapanda tena sana, kisha likashuka, na watu wakajenga na kulima katika ardhi liliyoiacha. Mwaka 2024 likarudi. Gatumba, Bujumbura na Rumonge ziliona maji yakiingia majumbani, na watu wakatoka na magodoro vichwani.

Tusidanganyane: matete hayawezi kulizuia ziwa lisipande. Yawezayo ni kuyavunja nguvu mawimbi yasile ukingo, na kuliachia ziwa uwanja wake wa kupanda na kushuka pasipo kukuta kitanda cha mtu. Ndiyo maana sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usiojengwa. Wako wanaouona ukanda huo kuwa ni ardhi iliyopotea. Walioamka usiku na kukanyaga maji chumbani wanajua ni ardhi ya nini.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Kwanza, pima hatua kubwa 150 kutoka majini kabla ya kuchimba msingi, choo au shimo la taka. Pili, kata njia moja tu nyembamba ya kufikia maji, majirani waitumie pamoja, na matete mengine yaachwe yasimame. Matete yakihitajiwa kwa mikeka au ua, yakatwe kwa zamu juu ya maji, mizizi isichomwe wala isichimbuliwe. Tatu, wenye mashamba mlimani wapande majani ya mifugo kwa mistari ya kukinga udongo, kwa sababu chujio hata likiwa zuri namna gani hujaa. Nne, wakamuaji wa mawese wasimwage maji machafu katika vijito, wayachimbie shimo. Tano, ukiwa sokoni, usinunue watoto wa sangala waliokokotwa ufukoni. Mnunuzi ndiye amlipaye mvuvi wa kokoro.

Na wewe baba, askari wa nchi kavu au wa majini, kumbuka kwamba kazi yako ya kukamata nyavu haramu haitakuwa na heshima iwapo kikapu cha nyumbani kwako kina samaki wa nyavu hizo hizo.

Basi jibu letu kwa mwenye panga ni hili: fyeka uwanja wako, fyeka njia yako, fyeka pahala pa kutekea maji. Ukifika penye matete mengine, rudisha panga alani. Askari hamwondoi mlinzi lindoni kwa sababu tu amechoka kumtazama.

Hadi juma lijalo, tukutane tena katika ukurasa huu.