Ripoti ya nguzo za msingi bila rekodi ya udongo ni nusu ya ukweli

Majengo marefu yanapozidi kuchipuka Nairobi na Mombasa, usalama wa mengi kati yayo umo kwenye nguzo za zege zilizozikwa ardhini, ambazo hakuna mpangaji wala mkaguzi atakayeziona tena.

Ili kubaini iwapo nguzo ina ufa au imepungua unene, wahandisi hugonga kichwa chake kwa nyundo ndogo. Mtikisiko husafiri ndani ya zege kwa kasi ya takriban mita 4,000 kwa sekunde, hufika mwisho wa nguzo na kurejea kwenye kifaa kilichobandikwa juu. Mwangwi ukirejea mapema, huchukuliwa kuwa ishara ya kasoro.

Njia hii ni ya haraka na gharama yake ni nafuu. Hata hivyo, nguzo haisimami hewani. Udongo mgumu unaoibana hunyonya mtikisiko, hivi kwamba mwangwi kutoka mwisho wa nguzo ndefu huweza kupotea kabisa. Ndiyo maana vipimo hivi hutiliwa shaka urefu wa nguzo unapozidi unene wake mara 30 hivi.

La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba udongo huweza kudanganya. Nguzo inapotoka kwenye tabaka gumu na kuingia kwenye tabaka laini, mwangwi hufanana na ule wa nguzo iliyopungua unene. Hivyo basi, nguzo nzima yaweza kukataliwa, na iliyo mbovu ikapitishwa kwa kisingizio cha udongo.

Nchini Kenya hatari hiyo si ndogo. Sehemu nyingi za Nairobi zina udongo mweusi wa mfinyanzi uliolala juu ya miamba ya volkano, ilhali kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe.

Huko Hong Kong, mnamo 2000 iliamuliwa kwamba majengo mawili ya makazi eneo la Sha Tin yabomolewe kwa kuwa nguzo zake zilikuwa fupi kuliko ilivyotakiwa. Chanzo kilikuwa udanganyifu, lakini funzo ni kwamba kosa lililozikwa hugharimu jengo zima.

Yafaa basi kila ripoti ya nguzo iambatanishwe na rekodi ya matabaka ya udongo. Alama ikitokea kwenye nguzo zote kwa kina kimoja, yaelekea ni udongo. Ikitokea kwenye nguzo moja pekee, zege yake ichimbuliwe na kupimwa kabla ya orofa ya kwanza kuinuliwa.